Kihisi cha glukosi cha ncha ya faiba

Kihisi cha glukosi cha ncha ya faiba ni kifaa kinachopima glukosi katika kimiminika kwa mwanga unaopita ndani ya uzi mwembamba wa kioo. Ncha ya uzi huo huchongwa kwa leza.

Faiba ya mawasiliano huwa na unene wa mikromita 125. Mwanga husafiri katika kiini chake bila kuvuja, kwa kuwa kiini kimezungukwa na ganda la kioo linalopinda mwanga kidogo kuliko chenyewe. Hiyo ni faida kwa intaneti, lakini ni kikwazo kwa upimaji: mwanga usiotoka hauwezi kugusa damu.

Uchongaji

Mwanga wa leza ya kaboni dioksidi, wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, hufyonzwa sana na kioo cha silika, nacho hulainika. Kikivutwa polepole huwa chembamba kama mkia wa panya; kikiyeyuka bila kuvutwa hujikusanya kuwa tone la mviringo. Leza ya femtosekunde hutoa mapigo mafupi mno, hivyo huondoa kioo kabla joto halijasambaa, na inaweza kukata hata mfuo mdogo. Penye wembamba, sehemu ya mwanga hutokeza nje kidogo ya uso wa kioo na kukutana na kimiminika.

Upimaji

Glukosi ikiongezeka, kimiminika hupinda mwanga zaidi, lakini tofauti ni ndogo sana. Miligramu 100 katika desilita moja ya maji hubadilisha kipimo hicho kwa takriban 0.00014 tu. Badiliko la joto la nyuzi 1 hivi ya Selsiasi huleta tofauti inayokaribiana na hiyo, tena kwa upande wa pili. Homa peke yake yaweza kuficha sukari iliyopanda. Chumvi na protini nazo huvuruga.

Ndiyo maana ncha hupakwa kitu kinachoichagua glukosi. Kinachotumika sana ni kimeng'enya cha glukosi oksidesi, ambacho hutumia oksijeni kuibadili glukosi. Rangi inayong'aa zaidi oksijeni inapopungua huonyesha kasi ya kazi hiyo. Hata hivyo, kimeng'enya huchakaa, na mwilini oksijeni ikiwa haba majibu hupotoka. Asidi ya boroniki haichakai upesi hivyo, ila aina zake nyingi hushika fruktosi kwa nguvu kuliko glukosi.

Matumizi

Vipimo vingi vya nyumbani vya wagonjwa wa kisukari bado hutumia umeme, kwa wazo lililotolewa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962. Faiba zilizochongwa hutumika zaidi maabara. Kioo kilichofanywa chembamba huvunjika kwa urahisi, na kipande kikibaki chini ya ngozi ni vigumu kukitafuta.