Kumsafirisha Paka Mwenye Uso Bapa kwa Ndege: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa Nauli

Paka mwenye uso bapa ni yule ambaye pua yake imefupika kiasi cha kukaribia kulingana na macho. Jamii zinazofahamika zaidi ni paka wa Kiajemi, paka wa Himalaya na Exotic Shorthair, pamoja na machotara wao. Mfugaji anayeishi Same mjini, Hedaru, Mwanga au kwenye vijiji vya Milima ya Upare anaweza kulazimika kumsafirisha paka wa namna hii kwa ndege pindi anapohamishwa kikazi, anapokwenda masomoni au anapoifuata familia yake ng'ambo. Makala haya yanaeleza hatari zilizopo, maandalizi yanayotakiwa, na haki za mtumiaji wa huduma iwapo mnyama ataumia au kufa safarini.

Kwa nini uso bapa ni jambo la kuangaliwa

Ufupi wa uso haupunguzi nyama zilizomo ndani yake. Matundu ya pua huwa membamba, mifupa laini ya ndani ya pua hubanana, na kaakaa laini huweza kurefuka hadi kuziba sehemu ya njia ya hewa. Paka huyu hutumia nguvu zaidi kuvuta pumzi ileile ambayo paka wa kawaida huivuta bila taabu.

Pua pia husaidia kupooza mwili, kwa kuwa hewa inayopita kwenye utando wake wenye unyevu huondoa sehemu ya joto. Paka hana uwezo mkubwa wa kutoa jasho. Hulamba manyoya yake, hutafuta kivuli na hujinyoosha sakafuni. Akifungiwa ndani ya kizimba, hawezi kuhamia kivulini wala kwenye sakafu yenye ubaridi. Anapopata hofu, hupumua kwa kasi, koo huvimba, njia ya hewa huzidi kuwa nyembamba, naye huzidi kuhofu. Mzunguko huo ukishaanza ndani ya chumba cha mizigo, hakuna mtu wa kuukatiza mpaka ndege itue.

Hatari hii imethibitika kwa mbwa wa maumbile kama hayo. Takwimu zilizotolewa na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani mwaka 2010 zilionyesha kwamba takriban nusu ya vifo vya mbwa wa jamii halisi vilivyoripotiwa na mashirika ya ndege katika miaka mitano iliyotangulia vilikuwa vya mbwa wenye pua fupi. Ndiyo sababu mashirika mengi ya ndege hukataa kuwapakia mbwa na paka wenye uso bapa katika chumba cha mizigo, au huwapokea kwa masharti makali.

Mwinuko wa Shengena ndani ya ndege

Wengi hudhani kwamba hewa iliyomo ndani ya ndege ni sawa na ile ya ardhini. Sivyo. Ndege kubwa inaporuka juu sana, shinikizo la hewa ndani yake hushushwa hadi kiwango kinachoweza kulingana na mwinuko wa takriban mita 2,400. Kwa mkazi wa Same kipimo hicho si kigeni: kilele cha Shengena, kilicho kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare, kina mita 2,462. Kumpandisha paka ndege kwa saa kadhaa ni sawa na kumpandisha karibu na kilele hicho na kumwacha huko, mahali ambapo shinikizo la hewa ni takriban robo tatu tu ya lile la pwani.

Paka mwenye afya huvumilia hali hiyo. Paka anayekoroma akiwa macho, au anayehema baada ya kucheza kidogo uani, hana akiba ya pumzi ya kumtosha. Kipimo hiki kinahusu chumba cha abiria na pia chumba cha mizigo cha ndege kubwa zinazobeba wanyama. Baadhi ya ndege ndogo za safari za ndani hazina mfumo wa kudhibiti shinikizo; uliza kabla ya kukata tiketi.

Safari huanzia nyumbani

Kutoka Same hadi Moshi ni takriban kilomita 100, na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) uko mbele zaidi, katika Wilaya ya Hai. Anayetoka milimani huteremka kwanza kwa barabara yenye kona nyingi, akiacha hewa ya ubaridi na kuingia katika tambarare kame na yenye joto. Hivyo paka aliyezoea baridi ya mlimani anaweza kuwa amechoka na kupata joto kabla hajafika kwenye mizani ya uwanjani.

Panga kuondoka alfajiri au jioni, hasa katika miezi ya joto ya Januari hadi Machi. Usimweke paka kwenye buti la gari wala juu ya keria ya basi. Gari likisimama juani na madirisha yakafungwa, joto ndani yake hupanda upesi mno. Usimwache humo hata kwa muda wa kununua maji. Ikiwa ndege inaondoka asubuhi sana, ni busara kulala Moshi au karibu na uwanja.

Uchunguzi wa daktari wa mifugo

Mpeleke paka kwa daktari wa mifugo mapema, si katika juma la safari. Kwa mkazi wa Same, ofisi ya mifugo ya halmashauri ya wilaya ndiyo mahali pa kuanzia. Mwombe daktari achunguze matundu ya pua, koo, moyo, mapafu na uzito. Unene huongeza taabu ya kupumua. Miezi michache ya kupunguza chakula kwa uangalizi yaweza kubadili hali ya paka. Matundu ya pua yaliyobana sana huweza kupanuliwa kwa upasuaji.

Kipo kipimo ambacho kila mfugaji anaweza kukifanya mwenyewe. Paka akiwa amelala usingizi mtulivu, hesabu pumzi zake kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Kupanda na kushuka kwa kifua ni pumzi moja. Idadi ikizidi 30 kwa dakika, siku baada ya siku, mweleze daktari. Paka anayehema kwa kinywa wazi, au ambaye ufizi wake umegeuka rangi ya samawati, anahitaji tiba ya haraka na hafai kusafiri.

Usimpe dawa ya usingizi au ya kutuliza kwa shauri la jirani au la muuza duka. Dawa hizo hushusha shinikizo la damu, hulegeza misuli ya koo na kudhoofisha uwezo wa mwili kudhibiti joto. Mashirika mengi hukataa kumpokea mnyama aliyelewa dawa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Usinunue tiketi yako kwanza kisha ukaulizia habari za paka. Pata majibu haya kwa maandishi:

1. Je, shirika linapokea paka wa jamii hii? Taja jamii yake kwa jina, wala usimwite "paka" tu.
2. Atasafiri wapi: katika chumba cha abiria, kama mzigo uliokabidhiwa, au kama shehena?
3. Kuna kikomo gani cha uzito na vipimo? Katika chumba cha abiria, kikomo aghalabu ni kilo 8 pamoja na begi lake.
4. Je, joto likizidi kiwango fulani, safari yake itaahirishwa? Nani atagharimia malazi yake?
5. Ndege itabadilishwa mara ngapi, na nani atamwangalia paka wakati huo?

Kwa paka mwenye uso bapa, chumba cha abiria ndicho chaguo bora, kwa kuwa mwenye paka humwona na kumsikia. Nchi iendewayo, hata hivyo, yaweza kulikataa chaguo hilo. Uingereza, kwa mfano, hutaka paka wanaoingia kwa ndege wafike kama shehena. Ikiwa hakuna njia nyingine, chagua safari ya moja kwa moja au yenye kituo kimoja tu, inayotua nyakati za ubaridi.

Kizimba kinachofaa

Tenga la kuku au boksi la kadibodi havikubaliki. Kanuni za Usafirishaji wa Wanyama Hai za Jumuiya ya Kimataifa ya Usafiri wa Anga (IATA) zinataka kizimba kigumu, chenye hewa ya kutosha, ambamo mnyama anaweza kusimama, kugeuka na kulala. Kwa wenye pua fupi, ukubwa huongezwa kwa asilimia 10.

Pima hivi: urefu wa paka toka pua hadi shina la mkia, urefu wa mguu wa mbele toka sakafuni hadi kiwiko, upana wa mabega, na kimo chake akiwa amesimama. Urefu wa kizimba ni urefu wa paka pamoja na nusu ya urefu wa mguu. Upana ni mara mbili ya upana wa mabega. Kimo ni kimo cha paka pamoja na unene wa tandiko.

Tuchukue mfano wa paka mwenye urefu wa sentimita 45, mguu wa 16, mabega ya 14 na kimo cha 30. Kizimba chake kitakuwa na urefu wa 53, upana wa 28 na kimo cha 30 bila tandiko. Ukiongeza asilimia 10, vipimo huwa takriban 58, 31 na 33. Mzoeshe paka kulala humo kwa majuma kadhaa kabla ya safari.

Nyaraka na muda wake

Kumtoa mnyama nchini kunahitaji cheti cha afya na kibali kutoka mamlaka ya mifugo iliyo chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Nchi iendewayo nayo ina masharti yake. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, paka atokaye Tanzania lazima kwanza awekewe chipu, kisha achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa akiwa na umri usiopungua majuma 12. Baada ya siku 30 au zaidi hutolewa damu ya kupima kinga katika maabara inayotambuliwa. Kisha husubiriwa miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu. Anayeanza maandalizi chini ya miezi minne kabla ya safari amekwisha kuchelewa. Chipu ikiwekwa baada ya chanjo, chanjo hiyo haihesabiwi.

Siku ya safari

Mpe paka chakula chepesi saa nne hadi sita kabla ya kuondoka, na maji hadi muda wa mwisho. Mvalishe mkanda wa kifuani, kwa kuwa wakati wa ukaguzi kizimba hupitishwa peke yake kwenye mashine, naye hubebwa mkononi. Bandika juu ya kizimba jina lako, namba ya simu na maneno yanayoonyesha kuwa ni mnyama hai mwenye pua fupi. Mpige picha kabla ya kumkabidhi. Ukiona anahema kwa kinywa wazi pale uwanjani, usimkabidhi. Tiketi iliyopotea hulipika. Pumzi iliyokatika hairudi.

Haki zako mnyama akidhurika

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 kuhusu safari za ndege za kimataifa. Chini ya mkataba huo, mnyama huhesabiwa kama mzigo au shehena. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo cha fidia kwa shehena ni SDR 26 kwa kila kilo, na kwa mizigo ni SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Paka na kizimba chake wakiwa na uzito wa kilo 9, fidia ya juu kwa shehena ni SDR 234 tu, hata kama paka alinunuliwa kwa bei mara kadhaa ya hiyo. Ili kuvuka kikomo hicho, toa tamko maalumu la thamani wakati wa kumkabidhi na ulipe ada ya ziada itakayotakiwa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mkataba humwondolea msafirishaji dhima pale madhara yanapotokana na kasoro au hali ya asili ya kilichobebwa. Shirika linaweza kudai kuwa paka alikufa kwa sababu ya maumbile ya pua yake. Hapo ndipo cheti cha daktari, picha na majibu ya maandishi vinapokuwa ushahidi wako. Soma kwa makini fomu yoyote unayotakiwa kusaini. Baadhi humtaka mwenye mnyama akubali kubeba hatari yote.

Malalamiko kuhusu kuumia yaandikwe mara moja, na yasizidi siku 7 kwa mzigo au siku 14 kwa shehena. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka miwili. Anza na shirika lenyewe. Usiporidhika, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Unaweza pia kupata ushauri kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga.

Pale ambapo jibu ni kutosafiri

Daktari akisema kuwa paka hafai kupanda ndege, shauri hilo lifuatwe. Paka mzee, mnene au mwenye taabu ya kudumu ya kupumua huishi salama zaidi akibaki kwa ndugu anayemfahamu, mahali penye ubaridi kama vile milimani, kuliko kutiwa katika chumba cha mizigo. Kwa safari za ndani, gari linaloondoka alfajiri na kusimama mara kwa mara laweza kuwa njia salama kuliko ndege. Uamuzi huo ufanywe kabla ya kulipa nauli, wakati ambapo fedha wala uhai havijapotea.