Zaidi ya Msamaha wa Bili

Pale Kwa Sadala, kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha kabla hujafika Boma Ng'ombe, mtu mwenye jino linalouma hakosi wa kumwelekeza. Mwenye homa ataambiwa akapime malaria, na aliyeteguka mguu atapakiwa bodaboda. Lakini mama anayeuza ndizi akisema hajalala wiki ya tatu, kwamba moyo unamwenda mbio bila sababu na chakula kimekuwa kama majani mdomoni, majibu hutawanyika. Mmoja atamwambia aende kwa mchungaji, mwingine atamtajia mganga, wa tatu atasema ni mawazo tu, yatapita. Hatakosekana pia wa kumtania kwamba safari yake imebaki Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyopokea wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1920, ambayo jina lake limekuwa tusi mitaani.

Kwa nadra sana atatokea wa kumwambia, "Nenda ustawi."

Neno hilo lina sifa nyingine. Mwanamke aliyeachiwa watoto bila matunzo humtishia mwenzake, "Nitakupeleka ustawi!" Mtoto akiokotwa barabarani hupelekwa ustawi, na wanandoa wasiosikilizana huitwa ustawi. Hospitalini, ofisi ya ustawi wa jamii ndiko ndugu wa mgonjwa huenda kuomba msamaha pale bili inapowashinda. Si wengi wanaojua kwamba taaluma hiyohiyo, katika nchi nyingi, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya tiba ya mazungumzo kwa watu wenye sonona, wasiwasi, ulevi na majeraha ya moyo. Marekani, mtu akitafuta wa kuzungumza naye kuhusu matatizo ya akili, ana uwezekano mkubwa wa kuketi mbele ya mhudumu wa ustawi wa jamii aliyesomea tiba kuliko mbele ya daktari bingwa. Huyo huwa na shahada ya uzamili, amefanya kazi kwa muda mrefu chini ya uangalizi wa waliomtangulia, na ana leseni.

Uhusiano kati ya ofisi hii na bili una historia ndefu. Mwaka 1895 hospitali ya Royal Free ya London ilimwajiri Mary Stewart akae mlangoni na kuwachuja wagonjwa: nani ana uwezo wa kulipa, nani hana, nani apelekwe kwenye msaada wa maskini. Kazi yake ilikuwa kulinda mfuko wa hospitali. Lakini mtu akikaa mlangoni na kuuliza watu wanaishije, atasikia mengi zaidi ya mapato yao. Miaka 10 baadaye, mwaka 1905, daktari Richard Cabot wa Massachusetts General Hospital, mjini Boston, alichoka kuwaona wagonjwa wakipona, wakirudi nyumbani, kisha wakirudi tena wodini na ugonjwa uleule. Akaweka hospitalini wahudumu wa ustawi wa jamii, ambao kati yao Ida Cannon ndiye aliyekuja kuijenga kazi hiyo kwa miaka mingi. Hoja ya Cabot haikuwa ngumu: dawa aliyoiandika haikuweza kushindana na nyumba yenye unyevunyevu, mume mlevi au kazi inayomaliza mwili.

Tanzania nayo ilipita njia inayofanana. Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Kijitonyama, Dar es Salaam, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kimewatoa maofisa waliosambaa wilayani, mahakamani, magerezani na hospitalini. Kisha, mwaka 1993, serikali ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu katika hospitali zake. Kwa kuwa si kila mtu angeweza kuchangia, alihitajika mtu wa kusema nani asamehewe. Kazi hiyo ikawaangukia ustawi, na kwa wananchi wengi ikawa ndiyo sura yao yote.

Ili kuelewa kinachopotea, tuseme kuna kijana wa Masama mwenye umri wa miaka 27. Baba amefariki. Kwa desturi ya Wachaga, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hurithi nyumba na kihamba (shamba la ukoo) cha baba, naye ndiye wa mwisho. Kaka zake walioko Dar es Salaam wanaona amekalia mali na kuinywa. Kila Desemba, familia inapopanda nyumbani kwa sikukuu, kikao huisha kwa matusi. Kijana ameanza kunywa tangu asubuhi, halali, na siku moja amesema mbele ya mama yake kwamba ni heri asingezaliwa.

Daktari akimwona kwa dakika 10 anaweza kumpa dawa, na huenda dawa inahitajika kweli. Mchungaji atamwombea, na maombi yanaweza kumtuliza. Lakini nani ataketi na mama peke yake, kisha na kaka, kisha na kijana? Nani atapanda hadi nyumbani kuona analala wapi na dawa zinahifadhiwaje, na nani atampigia simu asipotokea kliniki? Afisa ustawi wa jamii anafunzwa kazi hiyo. Huanza na tathmini: historia ya mtu, ya ukoo wake, ya ugonjwa, ya pesa na ya pombe. Hupima kama kuna hatari ya kujidhuru. Huweka mpango na mgonjwa, hukutana naye kwa vikao kadhaa, huita familia, na huandika rufaa pale tatizo linapomzidi. Haandiki dawa. Mwenye kuahidi dawa, sindano au "kutoa" kitu mwilini si yeye.

Mkoa huu wa Kilimanjaro una ushahidi wake kwamba mazungumzo yenye mpango hutibu, na kwamba si lazima yafanywe na daktari bingwa. Watafiti wa Marekani na wenzao wa Moshi waliwafundisha watu wa kawaida, wasio na mafunzo ya awali ya afya ya akili, kuendesha vikao vya tiba kwa watoto waliofiwa na wazazi. Jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2014, lilikuwa na watoto 64. La pili, lililotolewa mwaka 2020, lilikuwa na watoto 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13, nusu wakiwa Moshi na nusu Bungoma, Kenya, mjini na vijijini. Watoto walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 12, wakijifunza kutuliza mwili, kuusimulia msiba wao na kuyapanga upya mawazo yaliyowatesa. Vikao vilipokwisha, waliopata tiba hiyo walikuwa na nafuu kuliko wenzao wasioipata katika maeneo matatu kati ya manne, Moshi mjini likiwemo. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana Kenya, ilhali Tanzania watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu inayolingana. Matokeo hayo yanaacha maswali, lakini yanathibitisha kwamba kazi hii inaweza kufanyika hapa, kwa Kiswahili, na watu wa hapa.

Katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, kuna mfano mwingine wenye jina linalojieleza: Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Watu wanaofika idara ya dharura wakiwa na majeraha, na ambao unywaji wao umevuka mpaka, huzungumza kwa muda mfupi na muuguzi aliyefunzwa. Hawahubiriwi. Huulizwa wanaionaje pombe yao, inawapa nini, inawanyang'anya nini, na wako tayari kubadili nini. Katika mkoa ambao mbege, pombe ya ndizi, ina nafasi yake kwenye harusi, msiba na upatanisho, mazungumzo ya namna hiyo yanahitaji mtu anayejua kutofautisha mila na maradhi.

Basi mkazi wa Kwa Sadala aanzie wapi? Zahanati au kituo cha afya cha karibu ni mwanzo mzuri, kwa sababu baadhi ya dalili zinazofanana na sonona au wasiwasi hutokana na upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi, sukari au dawa nyingine anazotumia mtu. Ngazi inayofuata ni hospitali ya wilaya, Boma Ng'ombe. Ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Hai, ambako afisa ustawi wa jamii wa wilaya hufanya kazi, nazo ziko mji huohuo. Walio upande wa Machame wana hospitali ya Kilutheri huko juu. Tatizo likiwa kubwa, rufaa huelekea Mawenzi, ambayo ni hospitali ya mkoa, au KCMC, ambayo ni ya kanda. Barua ya rufaa ina faida: humwokolea mgonjwa maelezo marefu, na bima nyingi huidai.

Jambo muhimu ni namna ya kuuliza. Mlangoni wengi hawataona bango lenye maneno "tiba ya mazungumzo". Ukisema "nimekuja ustawi", utapangwa kwenye foleni ya bili. Sema hivi: "Nina tatizo la afya ya akili, nahitaji kuonana na afisa ustawi wa jamii au mshauri anayefanya ushauri nasaha." Kama ofisa aliyepo hafanyi kazi hiyo, mwombe akuelekeze kwa anayeifanya.

Ukishaketi, una haki ya kuuliza. Amesomea nini, na wapi? Amewahi kuhudumia watu wenye tatizo kama lako? Mtakutana mara ngapi, na baada ya vikao vingapi mtatazama kama kuna maendeleo? Hali ikizidi kuwa mbaya atakupeleka kwa nani? Mtaalamu mzuri hajibu kwa hasira. Anayekutaka uache dawa za hospitali bila daktari kujua, anayetangaza siri za wengine mbele yako, au anayedai malipo mfukoni bila risiti, mwache.

Usiri ni swali la pekee, hasa katika vijiji ambako afisa anaweza kuwa mkwe wa jirani yako. Muulize maelezo yako yanaandikwa wapi na nani huyasoma. Usiri una mipaka: akibaini kwamba mtoto anafanyiwa ukatili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka achukue hatua. Hofu nyingine inatokana na kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka enzi za ukoloni, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kifungu hicho kimewafanya wengi wafiche. Lakini kusema kwamba mawazo ya kufa yanakujia si kosa la jinai, na mtaalamu hawezi kukusaidia kwa jambo asiloambiwa.

Ugumu upo, na haufai kufichwa. Maofisa ni wachache na kazi ni nyingi: asubuhi kesi ya matunzo, mchana mtoto aliyebakwa, jioni bili za wodini. Nauli ya kushuka kutoka Masama kila wiki inaweza kumshinda mtu aliyeacha kazi kwa sababu ya ugonjwa. Ndiyo maana inafaa kuuliza tangu siku ya kwanza kama vikao vingine vinaweza kufanyika kwa simu, au kama kuna afisa kwenye kata. Uliza pia kuhusu gharama, maana sera ya afya inayahesabu magonjwa ya akili miongoni mwa magonjwa sugu yanayostahili msamaha.

Kwa mtoto aliye hatarini, namba ya bure ni 116. Wizara ya Afya hupokea maswali ya wananchi kupitia 199. Na mtu akisema anataka kujiua, au ameanza kugawa vitu vyake na kuaga watu, asiachwe peke yake na asisubiri siku ya kliniki: ondoeni sumu za shambani na kamba zilizo karibu naye, mshikeni mkono, mpelekeni hospitali iliyo karibu usiku huohuo.