Ukishapimwa Mwanza, Upimwe Tena Isebania?

Nasindika siagi ya karanga hapa Buhongwa, Mwanza, na baadhi ya wateja wangu wako Migori, Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari na Isebania. Wajasiriamali wenzangu huniuliza: bidhaa ikishapata alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Wakenya nao waipime upya?

Kisheria, hapana. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inataka alama ya ubora ya nchi mwanachama itambuliwe na wenzake. Ila usichanganye mambo: alama inathibitisha ubora, cheti cha uasili kinakuondolea ushuru wa forodha. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake chepesi, unakipata palepale mpakani.

Lakini kutambuana kunategemea kuaminiana. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikafungua, kwa sharti kila shehena ije na cheti cha kipimo. Karanga nazo hushikwa na sumukuvu, kwa hiyo mimi huzichambua na kuzipima kabla ya kusaga.

Na watu je? Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza Julai 2010, inataka sifa za kitaaluma zitambuliwe. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wameshawekeana makubaliano. Fundi wangu wa mashine, mwenye cheti cha ufundi stadi cha VETA, hayumo humo. Siagi yangu inavuka kwa urahisi kuliko aliyeitengenezea mashine. Hapo ndipo pa kuwabana wabunge wetu wa Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha.