Anayelipwa si kwa samaki: Kiongozi wa wavuvi juu ya ziwa lililoganda

KATIKA jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, ziwa linalosafiriwa kwa mashua mwezi wa Julai huwa uwanja mweupe wa kutembelewa kwa miguu ifikapo mwishoni mwa Januari. Watu huondoka majumbani alfajiri wakiwa wamevalia mavazi mazito, huvuta sleji zilizosheheni vifaa, hutoboa mashimo katika barafu na kuteremsha ndoana ndani ya maji yaliyo chini ya nyayo zao. Wanaowatafuta ni samoni na trauti, samaki wapendao maji baridi.

Kwa msomaji aliyelelewa kando ya Ziwa Victoria au katika pwani ya Kenya, ambako mvuvi huhofia dhoruba wala si baridi, jambo hili huenda likaonekana kama hadithi ya alfu lela ulela. Hata hivyo, huko ni shughuli ya kawaida yenye sheria, taaluma na hatari zake. Wageni wengi hawaithubutu peke yao. Humlipa kiongozi mwenye leseni awapeleke, na anachowauzia kiongozi huyo hasa si samaki. Ni ujuzi wa kutambua mahali ambapo barafu itambeba binadamu na mahali ambapo itamsaliti.

Ujuzi huo sasa umo mashakani, kwa kuwa majira ya baridi uliyoyategemea kwa vizazi yanazidi kubadilika.

Kwa nini ziwa haligandi lote

Swali la kwanza ambalo mtu hujiuliza ni jinsi samaki wanavyoweza kuishi ndani ya ziwa lililoganda. Jibu limo katika tabia ya maji yenyewe. Vitu vingi vya majimaji huzidi kuwa vizito kadiri vinavyopoa. Maji hufuata kanuni hiyo hadi nyuzi 4 za Selsiasi tu. Yakipoa zaidi ya hapo huanza kuwa mepesi tena, na yanapoganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Ndiyo sababu kipande cha barafu huelea katika bilauri ya soda.

Ziwa nalo huongozwa na kanuni iyo hiyo. Maji yenye nyuzi 4 huzama chini, nayo yale yanayokaribia sufuri hubaki juu na kuganda. Tabaka la barafu likishaundika huwa mithili ya blanketi: huzuia upepo usikoroge maji, na hupunguza kasi ya ziwa kupoteza joto. Kina cha ziwa huendelea kuwa maji, na viumbe wake huendelea kuishi.

Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji anamokaa. Samaki wengi wa maji ya vuguvugu huzubaa wakati huo na kula kwa nadra. Samoni na trauti hawako hivyo. Maumbile yao ni ya maji baridi, na hata chini ya barafu huendelea kuwinda.

Samoni wa Maine ni wa jamii ile ile ya samoni wa Bahari ya Atlantiki, ila hawa huishi maisha yao yote katika maji yasiyo na chumvi. Ziwa Sebago, lililoko kusini mwa jimbo hilo, ndilo lililowapa jina la kisayansi la sebago. Mnamo 1907 alivuliwa humo samoni mwenye uzani wa zaidi ya kilo 10, ingawa wale wanaonaswa siku hizi kwa kawaida ni wadogo zaidi. Chakula chao kikuu ni samaki wembamba wa rangi ya fedha waitwao smelti, ambao kwa ukubwa wanaweza kumkumbusha Mkenya dagaa au omena. Kwa kuwa samoni huwafuata smelti, mara nyingi hupatikana mita chache tu chini ya barafu, hata pale ambapo ziwa lina kina kirefu.

Trauti wa ziwani, ambaye wenyeji humwita togue, hupendelea kukaa karibu na sakafu ya ziwa. Trauti wa vijito naye huzurura kandokando ya fuo, kwenye maji ya kina kifupi. Basi anayevua bila kujua tofauti hizi huweza kushinda kutwa nzima juu ya barafu na kurudi mikono mitupu, hali samaki wamo.

Trauti si mgeni kabisa nchini Kenya. Mnamo 1905, Ewart Grogan aliagiza trauti wa kahawia kutoka Uskoti na kuwatia katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kimekuwa kikizalisha vifaranga wa trauti kwa miongo mingi. Tofauti ni kuwa mito ya Aberdare na Mlima Kenya hupata ubaridi wake kutokana na mwinuko wa nchi, ilhali maziwa ya Maine huupata kutokana na majira.

Leseni tangu 1897

Jimbo la Maine lilianza kuwasajili viongozi wa wawindaji na wavuvi mnamo 1897. Leseni ya kwanza alipewa mwanamke, Cornelia Crosby, aliyefahamika sana kwa makala yake ya magazetini kuhusu uvuvi. Hadi leo, yeyote anayepokea malipo ili kumsindikiza mtu kuvua au kuwinda katika jimbo hilo sharti awe na leseni. Ili kuipata, hufanya mtihani wa maandishi na wa mdomo, na miongoni mwa mambo anayotahiniwa ni kusoma ramani, kutumia dira na kueleza hatua ambazo angechukua iwapo mteja wake angepotea.

Moosehead ndilo ziwa kubwa zaidi jimboni humo. Lina ukubwa wa takriban kilomita 300 za mraba, na mahali penye kina kirefu zaidi hufikia mita 75. Kiongozi anayewapeleka watu huko huianza kazi yake kabla wageni hawajaamka. Hutangulia kuipima barafu ya njia atakayopitia. Kisha huwasafirisha kwa pikipiki za theluji au kwa miguu, na hutoboa mashimo kwa keekee kubwa inayoendeshwa kwa mkono, kwa petroli au kwa betri.

Sheria ya Maine humruhusu kila mvuvi kutumia mishipi isiyozidi mitano kwa wakati mmoja. Mishipi mingi hufungwa kwenye mtego mdogo wa mbao au plastiki unaowekwa juu ya shimo. Samaki anapomeza chambo na kuuvuta mshipi, kibendera huchomoza juu. Hapo ndipo utulivu wa asubuhi huvunjika, watu wakikimbilia shimo na kuuvuta mshipi kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Kiongozi pia hufahamu kanuni za kila ziwa: ni samaki wangapi wanaoruhusiwa kuchukuliwa, na wawe na urefu gani. Anayenaswa akiwa mdogo kupita kiasi hurejeshwa majini upesi, kabla matamvua yake hayajaganda kwa upepo.

Kuisoma barafu

Kazi iliyo ngumu zaidi, hata hivyo, ni kuisoma barafu. Vipimo vya jumla vinavyotumika Marekani huonyesha kwamba mtu mmoja anayetembea kwa miguu huhitaji barafu safi yenye unene usiopungua sentimita 10. Pikipiki ya theluji huhitaji kati ya sentimita 13 na 18, gari dogo kati ya 20 na 30, nayo pikapu zaidi ya 30.

Vipimo hivyo vinahusu barafu mpya iliyo angavu, ile ambayo mtu akiitazama huona weusi wa maji chini yake. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa maji kisha ikaganda, ina viputo vya hewa ndani yake na nguvu zake ni takriban nusu. Kwa hivyo unene wake hutakiwa kuwa maradufu. Barafu ya mwisho wa majira ndiyo hadaa kubwa zaidi. Huenda ikawa nene kwa kipimo, lakini jua limekwisha kuilegeza kwa ndani.

Fauka ya hayo, ziwa moja halina unene mmoja. Pale ambapo mto Moose huingia Moosehead, na pale ambapo mto Kennebec huanzia safari yake ya kuelekea baharini, mkondo wa maji huzuia barafu isikomae. Theluji nzito nayo hufanya kazi ya blanketi na kuchelewesha kuganda. Kiongozi huenda akigonga mbele yake kwa mtaimbo, na kila baada ya hatua kadhaa hutoboa na kupima upya. Ngurumo na milio ambayo humtia mgeni kiwewe, mara nyingi humaanisha tu kuwa barafu inatanuka au kunywea kwa mabadiliko ya joto. Asichokisikia mgeni ni ukimya wa barafu iliyooza.

Hatari nyingine imo ndani ya vibanda ambamo wavuvi hujikinga na baridi. Jiko likiwashwa mahali pasipopitisha hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi ile ile isiyo na harufu ambayo huwaua watu wanaolala na jiko la makaa katika nyumba zetu. Kwa hivyo kila kibanda sharti kiwe na tundu la kupitishia hewa.

Dakika moja, dakika kumi, saa moja

Mtu akitumbukia katika maji hayo, jambo la kwanza linalomtishia si kuganda. Ni mshtuko unaomfanya atweta bila kujizuia na huenda akavuta maji mapafuni. Gordon Giesbrecht, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, amelifundisha hilo kwa hesabu nyepesi: dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika kumi ambazo mikono na miguu bado ina nguvu ya maana, na takriban saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya baridi.

Hesabu hiyo inaokoa maisha kwa kuwa humwondolea mtu hofu ya kwamba amekwisha kufa. Anashauriwa ageukie upande alikotoka, kwa kuwa barafu ya huko ilimbeba. Apige miguu kama anayeogelea hadi kifua chake kilale juu ya barafu. Kisha abingirike kuelekea alikotoka badala ya kusimama. Wavuvi wengi huvaa shingoni vishikio viwili vyenye ncha za chuma za kuchoma barafu ili wapate pa kushikilia. Naye anayetaka kumwokoa hapaswi kumkimbilia, bali amrushie kamba au amnyoshee mti akiwa mbali.

Majira yasiyotabirika

Wenyeji wa Maine wamekuwa wakiandika tarehe ambayo barafu huondoka Sebago tangu 1807, na Moosehead tangu 1848. Kumbukumbu kama hizo zimekuwa hazina kwa wanasayansi. Uchunguzi wa idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani uliochapishwa mwaka wa 2002, kuhusu maziwa 29 ya eneo la New England, ulibainisha kwamba kati ya 1850 na 2000, barafu ilianza kuondoka mapema zaidi kwa siku 9 katika sehemu za kaskazini na milimani, na kwa siku 16 katika sehemu za kusini.

Ziwa Sebago, lenye kina cha mita 96, halifungwi lote na barafu kila mwaka, na mashindano ya uvuvi yanayofanyika humo yamefutwa mara kadhaa kwa ukosefu wa barafu ya kutegemewa. Mnamo Februari 2023, wavuvi watatu walifariki katika muda wa siku chache kwenye Ziwa Champlain, jimboni Vermont, na mashindano yaliyokuwa yamepangwa yakasitishwa. Desemba mwaka huo huo, zaidi ya watu 100 waliokolewa katika Ziwa Upper Red, jimboni Minnesota, baada ya pande la barafu walilokuwa juu yake kumeguka na kuelea.

Wenye kuathirika si wavuvi tu. Miji midogo kama Greenville, iliyoko kusini mwa Moosehead, hutegemea wageni wa majira ya baridi kujaza nyumba za kulala wageni, maduka ya chambo na mikahawa. Wiki mbili za barafu zikipotea, mapato ya wiki hizo hayarudi. Kiongozi naye hujikuta katika njia panda: mteja amelipa na amesafiri mbali, lakini barafu haijakubali. Anayeistahili leseni yake ni yule anayethubutu kusema leo hatuendi.

Habari hizi zina uzito kwa Waswahili pia. Katika miji ya Portland na Lewiston, jimboni Maine, wanaishi wahamiaji kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, na baadhi yao huzungumza Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa huko huonywa kuhusu barafu tangu akiwa mdogo. Mtu mzima aliyewasili juzi hana onyo hilo, na anapowaona wenzake katikati ya ziwa huenda akadhani kwamba popote panapokanyagika ni salama. Usilolijua, walisema wahenga, ni kama usiku wa giza. Mwenye jamaa huko na amfikishie ujumbe huu: asikanyage ziwa kabla hajamwuliza anayelijua, asiende peke yake, na asitegemee kipimo cha jana, kwa kuwa barafu ya jana si lazima iwe ya leo.