Albumini: Mlinzi wa Damu Anapoharibika

Je, wajua kuwa zaidi ya nusu ya protini zilizomo katika majimaji ya damu yako ni ya aina moja tu? Ni albumini. Hutengenezwa na ini, hubeba mafuta na dawa, na huzuia maji yasivuje nje ya mishipa.

Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, wanaijua vizuri. Katika hospitali ya watoto iliyo jirani na kituo cha utafiti cha CRSN, watoto wenye bwaki, yaani kwashiakoo, walifika miguu imevimba. Walipimwa damu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha kwamba albumini ikishuka sana, hatari ya kifo hupanda.

Hata ile inayobaki huweza kuharibika. Albumini ni mnyororo wa asidi amino 585. Ya 34 ni sisteini, yenye salfa iliyo wazi, na salfa hiyo hunasa molekuli kali za oksijeni. Baadhi ya molekuli hizo humwagwa na seli nyeupe ziitwazo nyutrofili zinapoua bakteria: hutengeneza hidrojeni peroksidi, kisha asidi ya haipoklorasi, kemikali ya jamii moja na ile iliyomo katika dawa ya kung'arisha nguo.

Mashambulizi yakizidi, umbo la albumini hubadilika, nayo hushindwa kubeba mizigo yake. Protini zilizoharibika hivyo huziamsha seli nyeupe, nazo humwaga kemikali zaidi na kuita wenzao. Hapo inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga ya mwili, hupamba moto, huku ini likipunguza kutengeneza albumini mpya.

Mwaka 1987 watafiti Michael Golden na Dan Ramdath walitoa hoja kwamba molekuli hizo kali ndizo chanzo cha kwashiakoo. Je, vidonge vya kuzidhibiti vingetosha? Huko Malawi watoto zaidi ya 2,300 walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005. Waliopewa vitamini E, seleni na virutubisho vingine vya aina hiyo hawakukingika na ugonjwa.

Kwa hiyo tiba hushika pande zote: antibiotiki hupambana na maambukizi yanayoamsha nyutrofili, na maziwa ya tiba hutolewa kidogo kidogo hadi ini lipate nguvu. Mzazi, bonyeza miguu ya mwanao kwa kidole gumba. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.