Lituma ya mama na kaseti waliyoicheka

Sisi watoto wa Mangobo tulijua saa ya kurudi nyumbani kwa sauti ya kinu. Mama akianza kutwanga makemba, mpira unaisha papo hapo, hata kama timu yenu inapigwa. Lituma haingojei mtu. Ikipoa inakaza, na utamu wake unaondoka.

Kando yake sombe ya mawese; siku ya franga, samaki ya moshi ya Wagenia. Siku ya kukosa ni chumvi na pilipili tu, na tulikula vile vile. Leo vijana wetu wanasema hiyo ni chakula ya wazee, wanataka kuku ya friji. Sawa, lakini wasiseme haina ladha.

Kuna kitu kingine kilichochekwa hivyo: « Emotion » ya Papa Wemba, ya mwaka 1995. Tuliisikiliza kwa kaseti, na mapili ya redio tulikuwa tunayaanika kwenye jua ili yapate nguvu kidogo. Wakubwa wa kartie walisema: « Hii ni muziki ya wazungu. » Sababu walikuwa nazo. Ilitoka Real World, nyumba ya mwimbaji Mwingereza Peter Gabriel. Aliyeisimamia ni Mmarekani Stephen Hague. Nyimbo ni fupi, na ndani mna hata wimbo wa Otis Redding. Watu walitaka sebene ndefu ya kuchezea kwenye nganda.

Sisi tunajibu: acheni magita, sikilizeni sauti. Katika sebene, gita na atalaku wanaweza kumficha mwimbaji. Hapa Wemba hana pa kujificha. Mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga, wa kulilia wafu, na yeye mwenyewe alisema kuimba alijifunza kwake. Sikiliza « Awa y'okeyi », utamsikia yule mama. Wazungu walileta vyombo; kilio ni cha kwetu.

Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku 6 ndani ya mji wetu, tulilala chini ya vitanda. Hakuna kinu kilichosikika, ni mabomu tu. Yaliponyamaza, mama alitafuta makemba, akatwanga. Jirani wakatoka mmoja mmoja kuja kuona. Kwa sauti ile walijua tuko wazima.

Hivi karibuni sisi wa sendika tulimzika mwenzetu, mchimbaji, udongo ulimfunika ndani ya shimo. Kwenye matanga, vijana wa sono walikuwa wanapiga ndombolo. Tukaomba watuwekee « Awa y'okeyi ». Walitutazama, halafu wakaiweka. Wemba mwenyewe hayupo tena, alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016. Lakini usiku ule hakuna aliyesema ni muziki ya wazungu. Mjane aliinua kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, na mmoja wa vijana akauliza: « Vieux, hii ilitoka lini? »

Asubuhi wamama wakaleta lituma ya moto. Tulikula kwa mikono, sahani moja watu wanne, na hao vijana wa kuku ya friji walikuwa wa kwanza kunawa. Tulipomaliza, tukaanza kuchanga franga ya shule ya watoto aliowaacha.