Second Life: Dunia ya mtandaoni yenye hodi, majirani na siri za watu

Mgeni anaingia ukumbini. Muziki unapigwa, watu kama ishirini wanacheza, DJ anachangamsha. Mgeni anamfuata moja kwa moja dada mmoja mwenye gauni jekundu, anasimama karibu kabisa na uso wake na kumwandikia: "Mambo! Wewe ni mwanamke kweli? Unaishi wapi?"

Dada hajibu. Mgeni anarudia swali, mara ya pili, mara ya tatu. Dakika chache baadaye anajikuta nje ya ukumbi, na kila akijaribu kurudi anakataliwa. Amepigwa marufuku.

Hakutukana mtu, hakuiba kitu. Sasa kosa lake ni nini?

Visa vya aina hii ni vya kawaida Second Life, dunia ya mtandaoni ambayo watu wameishi ndani yake kwa zaidi ya miaka 20. Ukuta wake haushikiki na chakula chake hakiliki, lakini adabu zake ni za kweli, na asiyezijua hugundua haraka.

Second Life ni nini?

Ni dunia ya picha za 3D iliyotengenezwa na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Mwanzilishi wake ni Philip Rosedale, na ilifunguliwa kwa umma Juni 2003.

Mtu anajisajili bure, anachagua jina na avata, yaani umbo la kumwakilisha. Avata anaweza kuwa binadamu, paka, roboti au joka. Kisha anatembea, anapaa, au anajihamisha papo hapo kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Wengi wanaiita gemu, lakini haina pointi za kukusanya wala adui wa kumaliza. Watu wanajenga nyumba, wanashona nguo za kidijitali na kuziuza, wanapiga muziki, wanafundisha, wanapiga stori. Karibu kila kitu unachokiona humo kimetengenezwa na watumiaji wenyewe, ambao huitwa wakazi.

Kuna pesa pia, dola ya Linden. Hununuliwa kwa pesa halisi, na anayeuza bidhaa humo anaweza kuibadilisha tena kuwa dola za Marekani. Ndiyo maana mambo ya humo si mchezo tu: kuna watu wanalipia kodi ya nyumba kwa kazi wanayoifanya kule.

Kusimama karibu nako kuna adabu

Mazungumzo ya wazi Second Life yana umbali. Ukiandika kawaida, wanakusoma walio ndani ya mita 20. Ukinong'ona, mita 10. Ukipiga kelele, ujumbe unafika mita 100.

Kwa hiyo hakuna sababu ya kumkanyaga mtu ili akusikie. Lakini wageni wengi husogea mno, na aliyesogelewa huhisi kubanwa kabisa, ingawa mwili wake uko kwenye kiti nyumbani.

Watafiti wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2007 Nick Yee, Jeremy Bailenson na wenzao walichapisha utafiti uliopima jinsi avata wanavyosimama na kutazamana ndani ya Second Life. Walikuta wanaume wawili husimama mbali zaidi kuliko wanawake wawili, na hutazamana kwa nadra zaidi. Pia avata wakisogeleana sana, hupunguza kutazamana usoni.

Ni kama watu waliobanana kwenye daladala: kila mmoja anatazama dirishani. Mtu ameingia na tabia zake za mwilini bila hata kujua.

Ukitoka, aga

Avata hazimiki mtu anapoinuka kwenda jikoni. Anabaki amesimama pale pale. Baada ya dakika kadhaa bila kuguswa kitufe chochote, kichwa kinainama kama cha mtu anayesinzia, na jina lake linapewa alama ya kuonyesha hayupo.

Shida ni zile dakika za katikati. Mwenzako anakueleza matatizo yake, wewe umeenda kufungua mlango. Kwake yeye, umemkodolea macho na kunyamaza.

Ndiyo maana wakazi wana desturi ya kuandika "afk" kabla ya kutoka, kumaanisha wako mbali na kibodi, na "brb" wakimaanisha wanarudi sasa hivi. Akirudi, wenzake humkaribisha tena. Vifupisho vyenyewe ni herufi tatu tu, lakini kutoviandika huonekana ni dharau.

Kuna pia suala la saa. Saa rasmi ya Second Life ni ya California. Sherehe inayoanza saa 1 usiku kule huwa ni saa 11 alfajiri au saa 12 asubuhi Nairobi na Dar es Salaam, kutegemea msimu. Mwenzako akiaga mapema, si lazima awe amechoshwa na stori zako. Huenda kwake kunakucha na kazini wanamsubiri.

Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu

Hapa ndipo wageni wengi wanakwama. Mtu anaona nyumba nzuri ufukweni, mlango uko wazi, anaingia na kukalia kochi. Mwenyewe anatokea na kukuta mtu asiyemjua sebuleni kwake.

Mgeni anajitetea: "Si ni picha tu?" Lakini ile ardhi imelipiwa. Mwenye nyumba huilipia kwa Linden Lab au kwa mkazi anayempangisha. Kochi amelinunua, pazia amelichagua mwenyewe, na pale ndipo anapopumzikia jioni.

Kufunga mlango hakusaidii sana. Kuna mbinu za kukalia kiti kilicho ndani ukiwa nje, ukajikuta umeingia. Kamera nayo inaweza kupenya ukutani: avata wako amesimama barabarani kwa heshima zote, macho yako yako chumbani kwa watu.

Wakazi wamejitafutia kinga. Wengine huzuia wasioalikwa kuingia kwenye kiwanja chao, na mpita njia huona mistari ya katazo mbele yake. Wengine huweka mitambo ya ulinzi inayotoa onyo, kisha kumrusha nje mvamizi. Upo pia mpangilio unaowaficha avata walio ndani ya kiwanja wasionekane na walio nje.

Kanuni ya wakazi wastaarabu ni ile ile ya uswahilini: piga hodi. Tuma ujumbe, ulizia, subiri jibu. Hodi isipojibiwa, ondoka.

Ukumbini: vaa vizuri, punguza uzito, tunza DJ

Kumbi za muziki ndizo baraza za Second Life. Watu huja kucheza lakini zaidi huja kuonana. Nazo zina taratibu zake:

• Soma kanuni za mlangoni. Ukumbi wa suti na magauni hautaki mtu aliyekuja na mabawa na upanga.

• Punguza mapambo mazito. Nywele, vito na nguo zenye vipengele vingi humfanya avata awe mzigo kwa kompyuta za wenzake. Picha zinaanza kukwamakwama kwa kila mtu. Avata akizidi sana, wengine humwona kama mdoli wa rangi moja tu, kwa sababu kompyuta zao zimegoma kumchora.

• Usijaze ukumbi kelele. Kuna vitufe vya kutoa sauti na vichekesho. Mara moja inachekesha, mara kumi inaudhi.

• Tunza. DJ na mwenyeji wa ukumbi huweka chombo cha bakshishi. Dola moja ya Marekani kwa kawaida hutoa zaidi ya dola 200 za Linden, hivyo hata mwenye kidogo anaweza kuchangia. Asiye nacho hashangawi. Anayeshangaza ni anayepita kwa kila mtu akiombaomba.

Kukumbatia kunahitaji ruhusa

Avata mmoja akitaka kumkumbatia mwenzake au kucheza naye wawili wawili, kwa kawaida mfumo humuuliza yule mwingine kwanza: unakubali mtu huyu aendeshe mwili wa avata wako? Asipokubali, hakuna kinachotokea.

Lakini wakazi wenye adabu huuliza kwa maneno kabla mfumo haujauliza. Dirisha la ruhusa likijitokeza ghafla kutoka kwa mtu usiyemjua, ni sawa na kushikwa mkono sokoni.

Maombi ya urafiki yako hivyo hivyo. Kumtumia mtu ombi bila hata salamu huonekana ni ushamba. Na ukishakubali urafiki, kuna ruhusa nyingine ndani yake: mwenzako ataona ukiwa mtandaoni, na ukimruhusu, ataona uko wapi kwenye ramani. Anayempa kila mtu ruhusa hiyo anaweza kujikuta anafuatwa kila anakokwenda.

Kanuni kubwa kuliko zote: usimfichue mtu

Sasa turudi kwa yule mgeni wa ukumbini. Kusogea mno lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa ni swali lake.

Second Life mtu huchagua kiasi gani cha maisha yake ya nje akionyeshe. Kwenye wasifu wake kuna sehemu maalumu ya maisha halisi. Wapo wanaoijaza kila kitu, wapo wanaoiacha tupu. Ikiwa tupu, hilo nalo ni jibu.

Sheria za Linden Lab zinasema wazi: ni kosa kusambaza habari za maisha halisi ya mkazi mwingine bila ridhaa yake zaidi ya zile alizoziweka mwenyewe kwenye wasifu. Humo zimo jinsia, dini, umri, hali ya ndoa na mahali anapoishi. Ni kosa pia kutangaza kwamba akaunti fulani na nyingine ni za mtu mmoja, au kusambaza mazungumzo ya faragha ya mtu humo ndani bila ruhusa.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu wengi wamekwenda kule kwa ajili ya ile nafasi ya kutojulikana. Kuna mtu anayetumia kiti cha magurudumu ambaye kule anacheza muziki usiku kucha. Kuna mwenye aibu anayejifunza kuongea na watu. Kuna anayejitafuta na hayuko tayari kuulizwa na ndugu. Ukimfichua, humwaibishi avata. Unamgusa mtu mwenye kazi, familia na mtaa.

Mwanaanthropolojia Tom Boellstorff wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, alifanya utafiti wake ndani ya Second Life kwa zaidi ya miaka miwili, akiwa na avata na nyumba yake humo, na mwaka 2008 akachapisha kitabu kuhusu maisha aliyoyakuta. Aliwachunguza wakazi kama jamii kamili, bila kuwafuata nje kuhakiki wao ni nani. Alichukulia kwamba maisha ya kule yanajitosheleza kueleweka kwa masharti yake yenyewe.

Hata sauti ilizua mjadala. Mazungumzo ya sauti yalipoingizwa mwaka 2007, wapo waliofurahi na wapo waliokataa kuyatumia. Sauti inataja jinsia, umri na unakotoka kabla hujataja jina. Kumlazimisha mtu "fungua maiki tukusikie" ili kuhakikisha kama ni mwanamke, hadi leo wengi huona ni utovu wa adabu.

Haimaanishi kila siri ni salama. Anayeombwa pesa na mpenzi wa mtandaoni asiyejulikana ana haki ya kuwa na mashaka na kukataa. Na yanayofanyika kule yanaweza kuvunja ya huku: mwaka 2008 vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti ndoa halisi iliyovunjika baada ya mke kukuta avata wa mumewe yuko kimapenzi na avata wa mwingine. Avata hawakuwa na miili, lakini maumivu ya mke yalikuwa ya kweli.

Ukikosewa ufanye nini?

Wakazi wazoefu hawapendi kujibizana na wachokozi. Mchokozi anataka watazamaji. Hatua zao ni tatu:

1. Mzuie. Maneno yake hayakufikii tena.

2. Ondoka au mwombe mwenye eneo amtoe. Mwenye kiwanja ana mamlaka ya kumfukuza na kumfungia.

3. Ripoti. Linden Lab hupokea malalamiko kupitia fomu iliyo ndani ya programu. Mkosaji anaweza kupewa onyo, kusimamishwa, au kufungiwa akaunti moja kwa moja.

Kwa mwenye simu, somo ni lipi?

Huenda hujawahi kuingia Second Life na huna mpango. Lakini kila mwenye simu anaishi kwenye baraza kama hizo: magrupu ya WhatsApp, gemu za mtandaoni, live za TikTok. Nako watu wanaingizwa kwenye grupu bila kuulizwa, wananyamaziwa katikati ya stori, na meseji zao za siri zinapigwa skrinishoti na kusambazwa.

Wakazi wa Second Life wamekuwa na miaka zaidi ya 20 ya kugombana na kupatana juu ya mambo hayo hayo. Walichokubaliana hakihitaji kompyuta kubwa: piga hodi, aga ukitoka, omba ruhusa, na siri ya mtu iache alipoiweka mwenyewe.

Yule mgeni angesimama mita chache kutoka kwa dada wa gauni jekundu, akasalimia, akasifia muziki na kusubiri, pengine wangecheza hadi ukumbi unafungwa. Anakoishi asingekujua. Lakini angekuwa amepata rafiki.